Ikivuguto chatosha: keki ndogo za jibini bila oveni

Anayeandaa sherehe hapa Gisozi siku hizi, iwe komunyo ya kwanza ya mtoto, ubatizo au kumuaga binti anayeolewa, ataulizwa swali moja kabla hata hajakodisha viti: baada ya brosheti na wali, wageni watakula kitu gani kitamu? Keki ya ghorofa tatu ina gharama yake, na ikishakatwa, nusu ya wageni hawaioni. Ndiyo maana keki ndogo za jibini, zile zinazowekwa ndani ya glasi zikiwa na biskuti chini na tunda juu, zimeanza kupendwa. Kila mgeni anapata yake nzima. Tena hazihitaji oveni, jambo kubwa kwa sisi tunaopikia makaa au gesi.

Kikwazo ni jibini. Maelekezo ya Ulaya na Marekani yanataka jibini laini ya kopo, ambayo hapa Kigali inapatikana kwenye maduka makubwa tu, na kopo lake dogo lina bei ya kumtisha mwenye wageni arobaini. Wengine hukimbilia jibini ya Gishwati wakidhani ni kitu kilekile. Sivyo. Ile ya Gishwati ni ngumu, ya kukatwa vipande na kuliwa na mkate. Ukiisaga kwa ajili ya keki hizi utapata makapi yenye chumvi.

Jibini inayofaa tunayo, ila hatuiiti hivyo. Ni ikivuguto kilichochujwa. Waliokulia Tanzania wanakijua kama mtindi au maziwa ya mgando, Wakenya husema maziwa lala, na ndugu zetu wa Kivu huita mashanza. Ukikitundika ndani ya kitambaa usiku kucha, maji hudondoka na kinachobaki ni kitu cheupe, kizito, chenye uchachu kidogo, kinachopakika kwa kisu. Mimi nilikutana nacho katika somo la Sayansi Kimu, shule ya msingi huko Karagwe, tulipokuwa bado wakimbizi. Mwalimu wetu hakukiita jibini. Alituambia tupake kwenye kiazi.

Kabla ya vipimo, kuna neno kwa kila mwenye kulisha watoto wa watu. Chakula kisichopikwa hakina moto wa kusahihisha uchafu. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, ambayo wataalamu huiita bruselozi na ambayo humsumbua binadamu kwa homa na maumivu ya viungo kwa majuma au hata miezi. Uchachu wa ikivuguto hauviui kwa uhakika. Najua wazee wetu walikunywa maziwa yaliyotoka moja kwa moja kwenye ng'ombe, na wapo watakaosema kuchemsha ni kuyaharibu. Nawaheshimu, lakini katika hili siwafuati. Nunua ikivuguto cha kiwandani, au muulize mwenye kibanda cha maziwa kama yake yamechemshwa kabla ya kugandishwa. Akisitasita, chukua maziwa freshi, uyachemshe mwenyewe, uyaache yawe vuguvugu, utie kikombe cha ikivuguto cha kiwandani, ufunike mpaka kesho yake.

Kwa glasi 24 ndogo za chai, andaa lita 3 za ikivuguto kizito, kopo moja la maziwa mazito yenye sukari (lile la karibu gramu 400), ndimu 4 kubwa, gramu 400 za biskuti za Marie, gramu 150 za siagi na pasheni kama 10, wengine huziita marakuja.

Chemsha kitambaa cheupe cha pamba, ukikamue, ukitandike ndani ya chujio na umimine ikivuguto. Funga ncha zake, weka juu ya bakuli ndani ya friji kwa saa 12. Utabakiwa na karibu kilo moja, pengine pungufu kama kilikuwa chepesi. Usikikamue kwa nguvu ili kuharakisha, kwani kitapenya kwenye kitambaa pamoja na maji yake.

Biskuti zifunge ndani ya kitambaa kingine kikavu uziponde kwa mchi au chupa mpaka ziwe kama mchanga. Yeyusha siagi, changanya, kisha gawa vijiko viwili kwa kila glasi na ukandamize kwa kitako cha kijiko. Weka kwenye friji zigande. Katika bakuli kubwa, piga ile jibini mpaka ilainike, ongeza maziwa ya kopo, halafu maji ya ndimu kidogo kidogo. Hapa utaona jambo la kupendeza: mchanganyiko unakuwa mzito mbele ya macho yako, kwa sababu tindikali ya ndimu hugandisha protini ya maziwa ya kopo. Kwa hiyo huhitaji jelatini, ambayo nyingi hutokana na ngozi na mifupa ya nguruwe au ya ng'ombe. Mgeni Mwislamu kutoka Biryogo na jirani Msabato watakula bila kuuliza.

Gawa kwenye glasi, rudisha kwenye friji saa 4 au zaidi. Pasheni mwagia juu wakati wa kuandaa meza, si jana yake. Zikishatoka kwenye ubaridi zisikae mezani zaidi ya saa 2, hasa mchana chini ya hema.

Sasa kuhusu vyombo, na hapa nazungumza na wafanyabiashara wa mpakani. Jirani yangu anayepita Rusumo kila juma aliniambia, "Mwalimu, ngoja nikuletee vile vikombe vya plastiki vya kutupa kutoka Ngara." Nikamjibu, "Dada, viache hukohuko." Sheria ya Rwanda ya mwaka 2008 ilikataza mifuko ya plastiki, na ile ya Agosti 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja, vikombe na vijiko vikiwamo. Anayeviingiza bila kibali hunyang'anywa na kutozwa faini ya mara kumi ya thamani yake. Faida ya msimu mzima inaweza kuishia kwenye boksi moja. Glasi za chai hukodishwa na walewale wanaokodisha mahema, na mafundi wa Agakinjiro, hapa hapa Gisozi, watakutengenezea sinia ya mbao ya kuzibebea.

Mwenye mtaji mdogo avushe biskuti na siagi. Kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani, nao ushuru wa forodha hautozwi. Omba orodha hiyo kabla ya kununua mzigo.

Anayetaka kuzitengeneza kwa kuuza aangalie pia kalenda. Juma la tarehe 7 hadi 13 Aprili ni la Kwibuka, hakuna sherehe, na sisi tunaoishi kwenye kilima chenye Makumbusho hatuhitaji kukumbushwa. Oda huongezeka Julai na Agosti, kwenye msimu wa harusi, na tena Desemba.

Yale maji yaliyodondoka usiyamwage. Yanafaa kukandia unga wa chapati, nazo hutoka laini.