Jua, Baruti na Shabaha ya Askari

Katika familia zetu zilizohamia London tumesikia mara nyingi masimulizi ya Vita Vikuu vya Kwanza ambamo babu alilenga sawasawa, lakini risasi ikapita juu kwa sababu jua lilikuwa limeichemsha. Aghalabu mwanahistoria husikiliza kwa adabu, kisha akaliacha jambo hilo. Papo hapo, taarifa za maofisa waliowalaumu askari wa Kiafrika kwa kupiga juu husomwa kama hukumu iliyokwisha kukatwa. Sisi tunaona kauli zote mbili zinahitaji kupimwa, na mizani yake ni baruti yenyewe.

Askari wa upande wa Waingereza walitumia risasi za .303 zenye baruti iitwayo kodaiti. Waliobuni baruti hiyo mwaka 1889 ni Frederick Abel na James Dewar. Hapo mwanzo ilikuwa na nitrogliserini asilimia 58, pamba ya baruti asilimia 37, na mafuta mazito asilimia 5. Baada ya Vita vya Makaburu nitrogliserini ilipunguzwa hadi asilimia 30, kwani moto wake ulikuwa ukiila mitutu. Kodaiti ilitengenezwa Waltham Abbey, bunduki Enfield, na risasi Woolwich. Wasomaji wetu wa hapa London huyapita majina hayo katika safari zao za kila siku, bila kujua kwamba yamo katika historia ya Tanga na Longido.

Baruti ikipata joto huungua upesi zaidi. Mgandamizo ndani ya mtutu huongezeka, risasi hutoka kwa kasi kubwa zaidi, na kwa kuwa haikawii njiani huanguka kidogo tu na kugonga juu ya pale ilipolengwa. Hewa ya joto nayo ni nyepesi, haiizuii risasi sana. Wakati wa baridi huwa kinyume chake. Lakini alama za masafa zilizo juu ya bunduki zilichongwa mara moja kiwandani. Hazijui kama mpigaji yuko Enfield au yuko Tanga mwezi wa Februari.

Je, tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani? Risasi ya .303 ya wakati ule ilitoka kwa kasi ya karibu mita 740 kwa sekunde. Tuseme joto limeiongezea mita 15. Katika umbali wa mita 300 itagonga juu kwa vidole viwili au vitatu. Katika mita 500 haitimii shibiri. Mtu aliyesimama wazi mbele ya babu hakuokolewa na jua. Mara nyingi zaidi sababu ilikuwa umbali uliokadiriwa vibaya, alama ya masafa iliyoachwa juu adui alipokaribia, au mazigazi ya mchana yanayofanya shabaha ielee machoni.

Babu aliyepigana upande wa Wajerumani ana kesi nyingine. Vita vya Tanga vilipopiganwa Novemba 1914, askari wengi wa Lettow-Vorbeck walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zitumiazo baruti nyeusi. Baruti hiyo haibadiliki sana kwa joto. Hoja yake ni moshi, ambao ulimziba macho na kumwonyesha adui alipo.

Hata hivyo wazee hawakukosea kabisa. Joto la saa moja huinua risasi kidogo. Joto la miaka katika ghala la mabati huioza baruti polepole, na unyevu huiharibu fataki inayoiwasha. Mfano mzuri ni meli ya Rubens, iliyojifanya meli ya Kidenishi kwa jina la Kronborg. Tarehe 14 Aprili 1915 ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na manowari ya Hyacinth na kuzama katika maji ya kina kidogo. Wajerumani waliopoa sehemu kubwa ya shehena yake, zikiwemo risasi kwa mamilioni. Zilizoloa zilifunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, kisha zikafungwa upya. Nyingi hazikuwaka zilipopigwa. Askari aliyepewa risasi za namna hiyo hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba alilenga vizuri.

Kwa hiyo tunaposoma katika taarifa kwamba askari fulani walipiga ovyo, tuulize kwanza: walipewa risasi gani, zilihifadhiwa wapi, na adui alikuwa umbali gani? Ofisa aliyeandika alikuwa na kalamu. Askari hakuwa nayo, na jina lake limebaki chini ya lawama hiyo kwa zaidi ya miaka mia.

Familia zinaweza kusaidia. Ganda tupu la risasi lililohifadhiwa sandukuni huwa na alama kitakoni, na aghalabu alama hizo humtaja mtengenezaji, pengine na mwaka. Lipigwe picha, na maneno ya aliyelirithi yaandikwe pamoja nalo. Ama risasi ambayo haijapigwa, hiyo isiguswe: baruti yake imezeeka, na sheria ya Uingereza hairuhusu kuiweka bila kibali. Waarifiwe polisi kwanza, halafu sisi.