Kulea Mtoto Mwenye Ulemavu Si Kazi ya Mama Peke Yake

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia nyumba ambazo majirani huzitaja kwa sauti ya chini. Ni nyumba zenye mtoto asiyeweza kukaa, kushika kijiko wala kusema anapoumwa. Hapa kwetu Karagwe na Kyerwa nyumba hizi hazikosekani. Tunawaandikia wanaoishi humo, na pia sisi sote tunaopita mlangoni pao.

ULEMAVU HUU HUTOKA WAPI?

Wengi wa watoto hawa wana utindio wa ubongo. Maana yake ni kwamba ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo. Huweza kumpata mtoto aliyechelewa kutoka akakosa hewa, aliyezaliwa njiti, aliyepata manjano kali katika siku za kwanza, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Ndiyo maana mama mjamzito anayeishi mbali na hospitali asingoje uchungu uanze ndipo familia itafute usafiri.

Sehemu ya ubongo iliyokwisha kuumia haiponi. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mganga iwezayo kuirudisha. Tunasema hivyo si kwa kuwavunja moyo wazazi, bali kwa sababu zipo familia zinazouza ng'ombe, au kuuza kahawa kwa butura ikingali mtini, zikimtafuta mponyaji. Shamba hubaki na deni, na mtoto hubaki vilevile. Fedha hiyo ingeweza kununua maziwa, godoro na dawa za kifafa.

Tena, ulemavu huu si laana wala kosa la mama au ukoo wake. Baba anayemrudisha mke kwao kwa sababu hiyo anamwadhibu asiye na hatia.

MAMA ANAPOCHOKA

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunamwona mama akiwa na mtoto mgongoni, nasi twasema, "Huyu mama ana moyo." Kisha twaendelea na safari.

Tuhesabu siku yake. Kumlisha mtoto asiyemeza vizuri huweza kuchukua saa nzima, naye hula mara kadhaa kwa siku. Nguo zake hufuliwa kila siku, na maji hutoka bondeni. Usiku lazima ageuzwe. Mtoto mwenyewe anakua: wa miaka miwili hubebwa, lakini wa miaka kumi huuvunja mgongo wa mama. Bado kuna maharage ya kupalilia na watoto wengine wa kupeleka shule.

Mara nyingi mmoja wa watoto hao, kwa kawaida binti mkubwa, huachishwa masomo ili akae na mdogo wake. Hapo nyumba hupata hasara mara mbili. Na mama akiugua, mtoto aliyezoea mikono yake tu hukataa kula kwa mtu mwingine, na hali yake hushuka upesi. Kwa hiyo kuwafundisha wengine kumtunza ni kuulinda uhai wake.

MAMBO AMBAYO KILA MTU NYUMBANI AJIFUNZE

1. Kumlisha. Mtoto asilishwe akiwa amelala chali. Aketi, kichwa kikiwa kimeinama kidogo mbele. Mpe kijiko kidogo, ngoja ameze, ndipo umpe kingine. Kumbana pua na kummiminia uji ni hatari kubwa, maana uji huingia mapafuni, na wengi wa watoto hawa hufa kwa ugonjwa wa kifua. Baada ya kula akae wima kwa dakika 30. Chakula chetu chatosha: ndizi zilizopondwa vizuri na maharage yasiyo na maganda, maziwa, parachichi, dagaa waliosagwa.

2. Kumbeba na kumketisha. Mtoto mwenye viungo vilivyokakamaa asibebwe amenyooka kama gogo. Mkunje kidogo nyonga na magoti, miguu ikiwa imeachana. Fundi seremala wa kijijini aweza kumtengenezea kiti chenye pembe, mkanda na meza ndogo mbele.

3. Kumgeuza. Asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Tazameni makalio, nyonga na visigino kila siku mnapomwogesha.

4. Kumtoa nje. Mtoto anayefichwa chumbani hukosa jua, na mifupa yake hulegea. Tena mahali pa siri ndipo watu waovu humdhuru mtoto asiyeweza kusema. Mkekeni uani, ndugu zake wakicheza karibu, hupata jua na kujifunza sauti na majina.

5. Kifafa. Wengi wa watoto hawa huanguka kifafa. Mlaze ubavu, mwondoe karibu na mafiga, usimtie kitu chochote mdomoni. Mshituko ukipita dakika 5, mwahisheni hospitali. Dawa zitolewe kila siku, wala zisiachwe ghafla hata kama haanguki tena.

TUGAWANE ZAMU

Baba wa familia, twasema nawe. Kazi yako haiishii kutoa fedha msimu wa kahawa. Chukua mlo mmoja wa siku uwe wako, labda ule wa jioni. Nawe ubebe mtoto anapokuwa mzito. Watoto wakubwa washike kazi ndogo za zamu, lakini pasiwe na anayeachishwa shule. Bibi, shangazi na mama wadogo wafundishwe kumlisha, ili mama aweze kwenda gulioni, Misa au kliniki bila hofu.

Nasi wa jumuiya ndogondogo, tusiishie kupeleka sabuni wakati wa sikukuu. Nyumba tano zikimsaidia mama mmoja, kila moja kwa nusu siku katika juma, atakuwa amepata siku mbili na nusu za kulima, kulala au kutibiwa. Msaada huu hauna gharama kubwa, na hakuna dawa inayoweza kuchukua nafasi yake.

MSAADA WA KITAALAMU

Mpelekeni mtoto mapema hospitalini, kama vile Nyakahanga kwa walio Karagwe au Isingiro kwa walio Kyerwa. Ulizeni kuhusu mazoezi ya viungo na dawa za kifafa. Yanayoshinda hapo huandikiwa rufaa, hata Bugando mjini Mwanza. Mazoezi hayaponyi ubongo, lakini huzuia viungo visijikunje moja kwa moja, na kumwogesha huwa rahisi.

Tangu Kyerwa ilipokuwa wilaya mwaka 2012, kila upande una halmashauri yake. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii mtoto aandikishwe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya matibabu, elimu na ulinzi. Mzazi anapodai hayo, haombi sadaka.

Ndugu wasomaji, mtoto huyu huenda asitembee kamwe. Lakini anajua ni nani anayemlisha kwa upole, hucheka asikiapo sauti aizoeayo, na hulia anapoachwa. Juma hili kila mmoja wetu achague nyumba moja, abishe hodi, na amwulize mama: "Nikusaidie siku gani?"