Nyumba za Amu na za Unguja: zipi zina raha?

Wengi husema nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, kule kwa jirani zetu Tanzania, zashinda zetu kwa fahari. Kweli, zina roshani na madirisha makubwa ya kutazama njia. Lakini raha je? Ukuta wa Amu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake yapata nusu mita, na joto la mchana haliupenyi upesi. Upana wa chumba huamuliwa na boriti za mikoko, kama mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Upepo na mwanga vyaingia kwa kiwanda, na mgeni huishia dakani.

Adui wa kote kuwili ni maji. Paa likivuja, boriti huoza. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, iliporomoka sehemu yake Disemba 2020, tena ikiwa katika matengenezo! Na siku hizi watu wapaka saruji juu ya chokaa. Saruji haipumui, unyevu hufungika, ukuta ukaliwa ndani kwa ndani. Mimi naona heri kungoja chokaa ikauke majuma kadhaa.