Mbwa wako na nyasi za jirani: Zaidi ya ugomvi, kuna maradhi

Katika mitaa ya Buruburu, kinachoweza kuvunja ujirani wa miaka mingi si lazima kiwe deni au kelele za redio. Mara nyingi ni mbwa. Alfajiri lango hufunguliwa, mbwa aliyelinda nyumba usiku kucha hutoka kujinyoosha, na kabla mwenyewe hajamaliza chai, mnyama amekwisha kujisaidia kwenye nyasi za jirani. Jirani naye akitoka kwenda kazini hukanyaga. Kuanzia siku hiyo salamu hupungua, na watoto wa nyumba hizo mbili hukatazwa kucheza pamoja.

Watu wengi hulichukulia jambo hili kuwa la adabu tu. Adabu imo, lakini sisi madaktari hulitazama pia kwa jicho la afya, hasa afya ya watoto.

Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyumba zilipangwa zikizunguka uwanja mdogo ambao wakazi huuita koti, na nyingi zilikuwa na kipande cha bustani. Tangu wakati huo wenye nyumba wengi wameongeza vyumba, maduka na maegesho ya magari, na nyasi zimepungua. Kipande kilichobaki ndicho wanachogombania watoto wenye mpira, mbwa wenye haja zao, na mama mwenye sukuma wiki.

Minyoo wanaosafiri mwilini

Mbwa wengi, na hasa watoto wa mbwa, wana minyoo wa mviringo waitwao Toksokara. Mtoto wa mbwa anaweza kuambukizwa angali tumboni mwa mamake. Mnyoo mmoja wa kike huweza kutaga hata mayai 200,000 kwa siku, nayo hutoka pamoja na kinyesi. Hayaonekani kwa macho.

Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye mbwa anafaa kulijua. Kinyesi kikiwa kibichi, mayai hayo hayawezi kumwambukiza mtu. Huhitaji kukaa katika udongo kwa wiki mbili au zaidi ndipo yakomae. Baada ya hapo huweza kuishi humo miezi mingi, hata miaka, wala dawa za kawaida za kusafishia sakafu haziyaui. Kwa hivyo anayezoa kinyesi siku ile ile ameondoa hatari yenyewe. Anayengoja mvua ikisambaze ameipanda kwenye nyasi, na ingawa baadaye hutaona wala kunusa chochote, mayai yangalipo.

Mtoto hucheza chini, hutia vidole kinywani, na wengine hula udongo. Mayai yakifika matumboni, mabuu huanguliwa, hupenya ukuta wa utumbo na kusafiri katika ini, mapafu na kwingineko. Wengi hawaoni dalili yoyote. Wengine hupata homa, kikohozi, pumzi za kukwama au maumivu ya tumbo. Balaa kubwa ni buu mmoja akiingia jichoni. Hapo mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo, na kwa kuwa jicho la pili ni zima, huenda wazazi wasitambue mapema. Ukiona mtoto ameanza kengeza, au weupe ndani ya mboni, mpeleke hospitali bila kukawia. Dalili hizo zina sababu nyingine pia, baadhi yake mbaya zaidi.

Safura ya mbwa na mistari ya ngozi

Mbwa pia ana minyoo wa safura wa aina yake. Mabuu yao huwa tayari katika udongo wenye unyevu baada ya siku chache tu, nao huingia kupitia ngozi ya mtu aliyeko miguu mitupu au aliyekalia nyasi. Huacha mstari mwekundu unaopindapinda na kusogea kidogo kidogo kila siku, ukiwasha sana, hasa usiku. Wazazi wengi hudhani ni choa na kupaka marhamu wiki kwa wiki bila nafuu. Ilhali vidonge vya albendazoli au ivamektini, vikitolewa na daktari, kwa kawaida humaliza tatizo upesi.

Mnyoo wa tatu ni tegu mdogo anayeleta uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu ya binadamu. Wakenya huuhusisha ugonjwa huu na Turkana, ambako AMREF imepambana nao tangu miaka ya 1980. Mbwa humpata tegu huyo kwa kula mapafu au maini mabichi ya kondoo, mbuzi au ngamia mgonjwa. Mayai yake hayangoji. Huweza kuambukiza mara tu yanapotoka. Ukimnunulia mbwa wako mapafu kwa mchinjaji, yachemshe vizuri kwanza.

Yasiyo kweli

Wengine huamini kinyesi cha mbwa ni mbolea kama samadi ya ng'ombe. Sivyo. Usikitie kwenye sukuma wiki wala dania. Wengine huogopa kwamba kinaleta kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hupitia mate, hasa mbwa anapouma, na kinga yake ni chanjo ya mbwa kila mwaka. Na wajawazito walioambiwa wahofie kinyesi cha paka wasichanganye mambo. Ugonjwa ule ni wa paka, si wa mbwa.

Adabu ya mwenye mbwa

Mfunge mbwa kamba anapotoka, umzoeshe kujisaidia katika kona moja ya kwako. Akienda kwa jirani, toka wewe mwenyewe na sepeto kabla hujaitwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, lakini gazeti kuukuu au pakiti ya unga iliyokwisha inatosha. Kifunge vizuri, ukitie kwenye pipa ili mzoa taka asikishike, kisha unawe mikono kwa sabuni. Kazi hii usimwachie mtoto.

Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, kila baada ya wiki mbili hadi waache kunyonya. Mbwa mkubwa apewe angalau kila miezi mitatu. Muulize daktari wa mifugo dawa inayoua tegu pia.

Adabu ya jirani

Nawe uliyekosewa, usirushe kinyesi juu ya ukuta, wala usitege sumu. Sumu haichagui, mtoto anayeokota nyama chini ndiye atakayeipata. Usimtume msaidizi wa nyumbani wala kumwachia bawabu ujumbe wa matusi. Nenda jioni watu wametulia, piga hodi, ulizia hali za wa nyumbani kwanza, kisha sema: "Mama Kevin, mbwa wenu amekuwa akija kwetu asubuhi, na huyu mdogo wangu anacheza pale chini. Tusaidiane." Wengi wakisikia mtoto ametajwa hulainika.

Isipofaa, lipeleke kwenye kamati ya koti, ili liwe neno la wote na si kisa cha watu wawili. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, hukataza mtu kuacha kero inayoweza kudhuru afya za wengine, kwa hivyo afisa wa afya anaweza kuitwa. Lakini iwe hatua ya mwisho. Afisa atakuja mara moja na kwenda zake. Jirani ndiye utakayembishia hodi usiku mtoto akishikwa na homa na huna gari.