Polisi Hawatozi Faini Kupitia Kioo cha Simu

Simu hujifunga ghafla. Kioo chote hujaa nembo ya polisi na maneno makali: mwenye simu amekutwa akitazama picha za ngono, au amepakua filamu kinyume cha sheria, simu imezuiwa kwa amri ya polisi, faini ilipwe ndani ya saa chache, la sivyo atafikishwa mahakamani. Pembeni saa huhesabu kurudi nyuma. Katika baadhi ya matoleo, kamera ya mbele huwashwa na mhusika akaiona sura yake mwenyewe ndani ya tangazo, kana kwamba amekwisha pigwa picha ya mtuhumiwa.

Tangazo hilo halitoki polisi. Ni kazi ya programu hasidi, yaani programu iliyotengenezwa kwa nia mbaya, ambayo huifunga simu au kompyuta na kudai fedha ili kuifungua. Utapeli wa namna hii ulienea sana Ulaya na Marekani mwaka 2012 kupitia kompyuta, kwa programu iliyoitwa Reveton. Mwingereza alioneshwa nembo ya polisi wa London, Mmarekani akaoneshwa ya FBI. Mwaka 2014 ikaja Koler, iliyolenga simu za Android, nayo ilibadili tangazo kulingana na nchi aliyomo mwenye simu. Kwa hiyo nembo ya nchi ya mtu kuonekana kwenye kioo si ushahidi wa lolote. Programu imeisoma tu nchi ambako simu imeunganishwa na intaneti.

Nguvu ya utapeli huu imo katika aibu zaidi kuliko katika teknolojia. Mwezi Aprili 2019 mahakama moja ya Uingereza ilimhukumu Zain Qaiser, kijana aliyekuwa mwanafunzi, kifungo cha zaidi ya miaka 6. Yeye na wenzake walinunua nafasi za matangazo kwenye tovuti za ngono. Aliyebofya tangazo alifungiwa kompyuta na kudaiwa faini kwa jina la polisi. Aliyechagua mahali pa kutega mtego alijua kwamba mnaswaji hatathubutu kumweleza mkewe, mumewe wala bosi wake, na kwamba angelipa kimyakimya. Ikumbukwe pia kwamba tangazo huwatokea hata waliobofya kwa bahati mbaya, na watoto walioazima simu ya mzazi.

Katika Bulyanhulu, Bugarama, Segese na kata nyingine za Msalala, njia za kuingiza programu kama hiyo zipo wazi. Filamu na nyimbo hununuliwa vibandani na kuhamishwa kwa fleshi kutoka kompyuta ambayo imepokea fleshi za watu wengi. Programu za simu hutumwa kwa WhatsApp badala ya kupakuliwa Play Store, hasa zile zinazoahidi filamu za bure au mikopo ya haraka. Programu ya kutazama filamu inayoomba kuwa msimamizi wa simu inaomba ufunguo wa nyumba nzima. Ombi hilo likataliwe.

Utaratibu wa sheria wenyewe unatosha kuufichua uongo. Ni kweli kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, na tapeli huutumia ukweli huo kutia hofu. Hata hivyo, mtuhumiwa huitwa kituoni au hukamatwa, hufikishwa mahakamani, na adhabu hutolewa na mahakama. Zipo faini zinazolipwa bila kufika kortini, kama za makosa ya barabarani, lakini hizo hulipwa Serikalini kwa kontroo namba. Tangazo linalodai vocha, sarafu za mtandaoni au fedha kwa namba ya simu yenye jina la mtu binafsi ni la tapeli. Sheria hiyohiyo anayoitaja ndiyo inayolifanya kuwa kosa kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta.

Aliyepatwa asilipe. Malipo hayaiondoi programu simuni, na aliyelipa mara moja huhesabika kuwa mteja. Kwanza atumie simu nyingine kulipiga picha tangazo, ikiwemo namba inayodai fedha. Kisha azime data. Katika simu nyingi za Android, kubonyeza kitufe cha kuzimia na kuendelea kushikilia neno la kuzima hufungua chaguo la kuwasha simu katika hali salama, ambamo programu zilizoongezwa na mtumiaji hazifanyi kazi. Hapo aingie kwenye mipangilio, aiondolee programu ngeni mamlaka ya msimamizi wa kifaa, kisha aifute. Anayempelekea fundi amwombe ajaribu njia hiyo kabla ya kuiflashi simu, kwa sababu kuiflashi kunaweza kufuta picha, namba za watu na kumbukumbu zote.

Kwa kompyuta hali inaweza kuwa nzito zaidi. Reveton na Koler zilifunga kioo tu, zikaacha mafaili salama. Programu nyingine huyageuza mafaili yenyewe yasisomeke, na hapo kuiondoa programu hakuyarudishi. Hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, mihtasari ya vikao au matokeo ya wanafunzi yaliyokuwa kwenye kompyuta moja tu huweza kupotea moja kwa moja. Kinga ni nakala iliyowekwa kwenye fleshi au diski isiyoachwa imechomekwa. Yaliyofungwa yasifutwe haraka: mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za baadhi ya programu hizo. Mtumishi wa shule, zahanati au ofisi ya kata achomoe waya wa mtandao na kumwarifu Ofisa TEHAMA wa Halmashauri kabla ya kugusa kingine.

Taarifa itolewe kituo chochote cha polisi, na mhusika aombe namba ya RB. Polisi wanachohitaji ni picha ya tangazo, saa lilipotokea na namba iliyodai fedha. Mhusika hatakiwi kuanza kwa kujitetea kuhusu alichokuwa akitazama. Namba ya simu ya tapeli itumwe pia kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kupokea taarifa za utapeli. Aliyekwisha tuma fedha apige simu mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wake akiwa na ujumbe wa muamala mkononi, maana fedha ambazo mpokeaji hajazitoa kwa wakala bado zinaweza kuzuiwa.