Boss, Injini Imeenda

Hakuna text inauma kushinda ya maka. Inaanzanga na picha. Mkono umejaa grisi, kidole kimepoint chuma flani hujawahi kutana nayo maishani, halafu chini yake: "Boss, injini imeenda."

Imeenda wapi? Hakushow. Chenye atakushow ni figure. Tuseme 180K. Na ndae yenyewe ni NZE ya namba ya KBM, yenye ikiwa fiti, tuseme, haivuki 350K sokoni. Hapo ndio wasee huanza kufanya vituko. Mmoja analipa ju ya mapenzi. Mwingine anauza ju ya hasira. Zii. Keti. Itisha smokie na kachumbari. Tupige hii hesabu kama watu wamechanuka.

Ya kwanza: usiulize buda yako. Mzae ako na formula moja tangu enzi za Moi: gari ikiitisha zaidi ya nusu ya bei yake, tupa. Akimaliza hapo anaingia kwa story ya Peugeot 504. Kila mzae alikuwa na 504. Haikuwahi haribika. Ilibeba watu kumi na mbuzi hadi ushago. Sawa, mzae, tunajua 504 ilishinda Safari Rally 1975 na ikarudia 1978, kongole sana. Sasa hiyo trophy ilipe machining?

Ankal naye ndio noma. Yeye anasema rejeta ikivuja unavunja yai ndani, ama unatia pilipili. Ankal, unapika ama unaendesha? Hiyo yai inaziba shimo kidogo, halafu inaziba na zile njia ndogo za rejeta, na wewe unachemka vizuri zaidi. Ama atakwambia toa thermostat, "hii ni Africa, joto ni mingi." Thermostat ndio inasaidia injini ifike joto yake ya kazi. Ukitoa, inakaa baridi, inakula mafuta hadi unaanza kushuku watchie.

Tuwaache wapumzike. Turudi kwa 180K.

Kabla utoe hata soo, jua unalipia ugonjwa gani. Maka wengi mtaani diagnosis yao ni masikio. Anaweka bisibisi kwa injini, anaskiza, anatingisha kichwa, anasema "overhaul." Umelipia tetesi. Cheki moshi kwanza. Nyeupe nzito yenye inakataa kuisha hata ndae ikishapata moto, maji inaingia mahali pa kuchomea mafuta, na hapo head gasket ndio mshukiwa namba moja. Bluu, unachoma oil. Nyeusi, petroli inaingia mob, na hiyo mara nyingi si kesi ya kufungua injini, so msee akikuuzia overhaul ju ya moshi nyeusi, hepa. Fungua pia kifuniko ya oil. Ukipata kitu ya rangi ya chai ya maziwa huko chini, mara nyingi maji na oil zishajuana.

Halafu itisha compression test. Usiogope jina. Wanatoa plagi, wanafinya geji hapo, wanapiga starter, unasoma namba ya kila silinda. Tuseme tatu zinasoma 170 na moja iko 90. Hiyo ya 90 ndio mgonjwa. Sasa wanamwagia oil kidogo ndani ya hiyo silinda na kupima tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechapa. Ikikataa kupanda, shida iko juu: valve ama gasket. Hiyo tofauti ndio doh yako. Ya juu unafungua head, inapelekwa kwa machining kuskimiwa ikiwa imepinda, unarudisha na gasket mpya. Ya chini unafungua kila kitu. Maka akidinda kupima, toa ndae hapo. Hata kwa breakdown.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa ndio mzae huanguka mtihani. Yeye analinganisha repair na bei ya gari. Wrong. Linganisha na chenye hiyo doh ingekununulia.

Cheki. Ndae ikiwa imekufa, broker anakupea 130K. Ukiongeza ile 180K ungempea maka, uko na 310K. Enda sokoni nayo. Utapata nini? Ndae ya umri ule ule, rangi ingine, na ngori zenye hujui. Mwenyewe anauza ju pia yeye alitumiwa picha ya mkono na grisi. Ukilipa 180K, unabaki na ndae ya 350K yenye unajua gearbox iko sawa, unajua ile kelele ya nyuma ni stabilizer link, unajua dirisha ya kushoto inataka kusaidiwa na mkono. Hiyo maarifa ni doh. Lipa.

Lakini pindua namba. Broker akikupea 220K vile iko, sai uko na 400K mkononi. Uza, na usiangalie nyuma. Ama ukute gearbox nayo inateleza, suspension inalia, na chini kumeoza kutu. Ongeza hizo zote kwa 180K, hesabu imekufa. Injini mpya kwa body imeoza ni kuvalisha maiti suti.

Utauliza, si ninunue tu ingine fresh kutoka Japan? Buda, na doh gani? Kenya hairuhusu gari imepita miaka 8 kuingia, so zile za bei ya huruma zinabaki huko. Hii yenye inaruhusiwa inapigwa import duty 35%, halafu excise yenye inapanda na ukubwa wa injini, halafu VAT 16%, na kila moja inahesabiwa juu ya ile imetangulia. KRA hawajui huruma. Ndio maana hata KBM yenye imechoka bado inauzwa na kiburi.

Insurance? Comprehensive yako ni ya ajali na wezi. Injini ikichoka ju ya uzee hiyo ni story yako na Mungu wako.

Okay, umeamua unalipa. Overhaul ama injini ingine ex-Japan? Hapa usikubali jibu moja ya kila ndae. Hiyo NZE yako ina 1NZ, ile ile iko kwa Probox, Fielder na Premio za 1500. Block yake ni aluminium na ndani kuna sleeve nyembamba za chuma, haikutengenezwa ndio ichongwe upya. So silinda zikichapa, wasee wenye wako rada hawabembelezani na overhaul. Wanatafuta 1NZ ingine, na zimejaa, kuanzia Grogan hadi Industrial Area. Muulize seller aiwashe ukiona, na mkubaliane kwa maandishi utafanyiwa aje ikikataa. Halafu cheki injini namba. Iko kwa logbook, so ukibadilisha injini unaenda NTSA kurekebisha. Ukiruka hiyo step, siku ya kuuza utaulizwa maswali na watu hawatabasamu. Na ukiwa Grogan, park ndae mahali unaiona. Usikuje kununua injini ukarudi umenunua na side mirror yako mwenyewe.

Subaru boys, najua mlikuwa mnangoja zamu yenu. Injini ya EJ ina silinda zimelala ubavu, mbili kila upande. Maana yake ni head mbili. Gasket mbili. Skim mbili. Na mara nyingi injini inatolewa nje ndio kazi ifanyike vizuri. Hata kubadilisha plagi ni yoga. Ongeza timing belt, yenye ikikatika pistoni na valve zinakutana uso kwa uso. Simaanishi uza. Hiyo sauti inabamba, hata mimi hugeuka nikiiskia. Namaanisha quote ya Subaru ikikam chini sana, kuna head moja imesahauliwa.

Mark X? Silinda sita, na kwa nyingi petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, so valve za kuingiza hewa hazioshwi na zinajaa masizi. Kabla ulipie injini, lipia kusafishwa. Golf ya zamani ya 1.4 TSI, ile yenye ina turbo na supercharger kwa injini moja? Timing chain yake ina sifa ya kuvutika, na pistoni zina sifa ya kupasuka. Huyo ni mubaba pekee anaweza. Wewe uza.

Na tuambiane ukweli, injini nyingi huuliwa na luku. Rims za inchi 17, tint, spika zenye zinasumbua hadi Githurai, lakini oil haijawahi mwagwa tangu Covid. Tangu Safari Rally irudi WRC 2021, mbogi yote inashuka Vasha na ndae hazijaguswa na service. Kurudi, mlima ya Mai Mahiu. Sindano ya joto inapanda. Co-driver anasema "tufike tu hapo mbele." Hapo mbele ndio head hupindia. Dakika kumi za kiburi kwa red, na gasket ya bei poa imegeuka injini nzima. Sindano ikipanda, simama, zima, ngoja ipoe, na usifungue rejeta ikichemka. Wacha watu wapige video. Nganya zipite, makanga akwambie uzime kuni. Aibu ndogo ndogo ni free.

Quote ikikam, taka list: gasket kit, ringi, beringi, water pump, machining, labour, kila moja na bei yake. Spea nunua wewe, na za zamani urudishiwe kwa gunia. Usitoe labour yote mwanzo. Maka ameshika doh yote hujua neno moja tu, "kesho asubuhi," na hiyo asubuhi hufikanga Disemba.

Na ukiamua kuuza, uza kama msee. Sema inachoma oil, sema unauza vile iko, bei ishuke kidogo. Usimwage ile oil nzito ndio moshi inyamaze wikendi moja, halafu umdungie msee wa mtaa ule ule. Tutakujua, tutakuja kwa keja, na mathe yako ndio atatufungulia gate.