Kutembea Dar es Salaam Pamoja na Watoto na Vijana

Wazee wetu walisema ya kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Hawakutuambia kwamba mtu anayetembea na watoto 12 huona hata yale asiyoyataka. Katika likizo ya mwezi wa Juni mwaka 2025, mimi na mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye ni mama wa wawili kati ya watoto hao, tulifunga safari kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Tulikuwa na wanafunzi 8 wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na watoto wadogo 4 wa nyumba za walimu, mdogo wao akiwa na umri wa miaka 7. Tangu tuliporudi, wazazi wengi wameniuliza jinsi ya kwenda na watoto katika jiji kubwa. Nimeona yafaa niyaandike hapa yale tuliyojifunza, pamoja na kosa langu moja, ili mwingine asilirudie.

Jambo la kwanza kufahamu ni hili: kijana wa miaka 17 na mtoto wa miaka 7 hawaendi mji mmoja, ingawa wamepanda gari moja. Mdogo huenda kuona vitu, na mkubwa huenda kujiona mwenyewe yumo kati ya watu wazima. Mimi sikulijua jambo hilo tulipoondoka. Nilitengeneza orodha moja ya mahali pa kwenda, nikadhani ya kuwa orodha hiyo itawatosha wote.

Safari yenyewe ilikuwa njema. Wazee wetu walilala ndani ya gari moshi usiku kucha, kwa reli ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Sisi tulikwenda kwa reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Tulipoingia katika mahandaki ya Kilosa watoto wadogo walipiga kelele za furaha, na mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini tunaliita gari moshi, na moshi wenyewe hauko?" Nikamwambia aliweke swali hilo, atakapofika kidato ataliandikia insha.

Kabla ya kushuka niliwaeleza habari za jiji. Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, ndiye aliyeanza kuujenga mji huo katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Kwa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Wakubwa waliiandika hesabu hiyo katika madaftari yao. Wadogo hawakuisikia, maana walikuwa wakitazama majengo dirishani. Ningalikuwa mwangalifu, ningalijua tangu hapo ya kwamba nina vikundi viwili.

Siku ya kwanza tulikwenda Makumbusho ya Taifa, katika Mtaa wa Shaaban Robert. Wanafunzi walifurahi kuona ya kwamba mwandishi wanayemsoma darasani amepewa mtaa. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940, na humo ndimo linamotunzwa fuvu la Zinjanthropus, ambalo Bibi Mary Leakey alilivumbua Olduvai mwaka 1959, nalo lina umri wa miaka ipatayo 1,750,000. Vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne, waliokwisha kulisoma fuvu hilo katika vitabu vya Historia, walitaka kukaa hapo mchana kutwa. Lakini wadogo, baada ya saa moja, walianza kukaa chini sakafuni, kugombana, na kuuliza habari ya chakula. Mimi nikawakemea, nikaendelea na maelezo yangu kwa saa mbili nyingine. Mwishowe hapana aliyefaidi, kwa sababu wakubwa hawakusikia kwa ajili ya vilio vya wadogo.

Jioni tulikwenda Kivukoni. Pantoni ilituvusha kwenda Kigamboni na kuturudisha, na kule soko la samaki tukaona pweza, kamba na samaki wakubwa ambao watoto wa bara hawajapata kuwaona ila katika picha. Mambo yote hayo yalichukua saa moja na nusu, wala hayakutaka maelezo mengi. Hata leo, ukiwauliza wadogo wale habari za Dar es Salaam, watakuambia habari za pantoni na pweza. Hapo nilijifunza kwamba mtoto mdogo hupewa jambo moja kubwa kwa siku na jambo moja dogo, na katikati yake chakula, kivuli na choo. Ukimpa matano, atasahau yote matano.

Siku ya pili tulianzia kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Toka hapo nilitaka kuwapeleka Kariakoo, maana mambo hayo mawili ni habari moja. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa kambini mahali pale. Kwa Kiingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Maelfu mengi ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi wao kwa maradhi na uchovu, na leo jina lao linatajwa kila siku na watu wanaokwenda kununua viatu.

Basi tukaingia Kariakoo yapata saa 5 asubuhi. Asiyepata kufika huko na afikirie mnada wa kwetu siku yenye watu wengi kabisa, kisha auzidishe mara nyingi, na kati ya watu hao apitishe pikipiki, mikokoteni na wachukuzi wenye mizigo vichwani wanaosema, "Njia! Njia!" Nilimwambia mvulana mmoja wa Kidato cha Nne, ambaye ni kiranja, "Tangulia, tukufuate." Mimi nilikuwa katikati, na mwalimu mwenzangu nyuma. Yule mtoto wa miaka 7, ambaye baba yake ni mwalimu mwenzetu aliyebaki shuleni, alikuwa akitembea na kiranja tangu asubuhi, nami nikadhani amemshika mkono.

Tulipofika mahali penye nafasi nikahesabu watu, wakawa 13 pamoja nami. Nikahesabu tena, wakawa 13.

Sitaificha aibu yangu. Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kumgombeza yule kiranja mbele ya watu, kwa sauti ya kuwafanya wapita njia wasimame. Jambo la pili lilikuwa kuwaamuru vijana wote watawanyike, kila mmoja njia yake, wakatafute. Mwalimu mwenzangu akanishika mkono, akasema kwa upole, "Mwalimu, ukiwatawanya hawa, jioni tutakuwa tunatafuta kumi." Maneno hayo yakanirudishia akili. Tukawasimamisha wote ukutani penye duka moja, tukashauriana.

Wakati huo msichana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye kwa kawaida hasemi sana, alifungua daftari lake. Nilikuwa nimempa kazi ya kuandika majina ya mitaa na vitu tulivyoviona, kwa ajili ya insha ya Kiswahili. Akatusomea moja baada ya moja: Mtaa wa Msimbazi, duka la mabegi, mzee anayetengeneza saa, Mtaa wa Kongo, kijana mwenye vigari vya betri, mama wa vitenge. Kisha akasema, "Mwalimu, pale kwenye vigari alisimama. Nilimwambia twende, nikadhani amekuja."

Basi mimi na msichana huyo tukarudi nyuma kwa kulifuata daftari lile, kama mtu afuatavyo nyayo zake mwenyewe. Wengine walibaki pale pale na mwalimu mwenzangu. Katika njia ile nilikuwa nikitafuta maneno nitakayomwambia baba yake, wala sikuyapata. Hatua chache toka kwa kijana wa vigari, tulimkuta mtoto amekalishwa juu ya kreti la soda, kando ya yule mama wa vitenge, anakula karanga. Zilikuwa zimepita dakika kama 40.

Nikamwamkia yule mama, nikamshukuru. Akaniuliza, "Wewe ndiye baba yake?"

"Hapana, mama. Mimi ni mwalimu, nimekabidhiwa."

"Basi, mwalimu, mimi nimemkalisha papa hapa nilipomwona. Mtoto aliyepotea hahamishwi, maana akihamishwa hupotea mara ya pili. Lakini mtoto wenu hamkumfundisha kitu. Nimemwuliza anakaa wapi, akaniambia nyumba za walimu. Nimemwuliza baba yake ni nani, akaniambia mwalimu. Sasa katika Dar es Salaam nzima, mimi nimpeleke kwa mwalimu gani?"

Sikuwa na jawabu. Shuleni kwetu majibu yale yangalitosha kabisa. Kila mtu anamjua mtoto yule, na hata mbwa wa nyumba za walimu wanamjua. Lakini katika jiji maneno yale hayakuwa na maana yoyote. Sikumfundisha namba ya simu, wala jina kamili la baba yake, wala mahali tulipolala. Nilikuwa nimemchukua kama mzigo, na mzigo hauambiwi kitu.

Usiku ule tulikaa pamoja katika bweni tulilokaribishwa, nami nikamwomba radhi yule kiranja mbele ya wenzake, kama nilivyomgombeza mbele yao. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, uliniambia nitangulie. Hukuniambia nimshike." Alisema kweli. Nilimpa kijana yule lawama ya kazi ambayo sikuwa nimempa. Wakubwa mara nyingi tunafanya hivyo: hatuwaamini vijana hata kuwaambia waziwazi kazi yao, lakini jambo likiharibika tunataka wao wajibu.

Siku ya tatu tuligawanyika. Mwalimu mwenzangu aliwachukua wadogo na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza kwenda Makumbusho ya Kijiji, ambako kuna nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kama msonge wa Wahaya, nao waliweza kuingia ndani, kugusa na kukimbia uwanjani. Mimi niliwapeleka wakubwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Niliwaeleza ya kwamba kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kidogo cha sheria katika nyumba ya chama cha TANU, mtaa uitwao leo Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Kisha nikawaambia, "Tembeeni wenyewe, wawili wawili. Saa 7 kamili tukutane hapa, chini ya mti huu." Nilikaa chini ya mti ule na moyo wangu ukienda mbio. Walirudi wote saa 7 kasoro dakika 10, na yule kiranja alikuja na karatasi aliyoandika masomo yanayotakiwa kwa mtu atakaye kusomea uhandisi. Hajapata kunionyesha karatasi kama hiyo darasani.

Basi wazazi na walimu mtakaokwenda na watoto jijini, nawapa haya machache. Kwanza, kila mtoto ajue kwa moyo jina lake kamili, jina la mzazi wake na mahali mnapolala; na namba ya simu iandikwe kwenye karatasi na kutiwa mfukoni mwake. Pili, wafundisheni wote sheria hii: aliyepotea husimama, na anayetafuta ndiye atembeaye. Tatu, kila mdogo apewe mkubwa wake mmoja, kwa jina, na mkubwa huyo aulizwe, "Umekubali?" Nne, katika mabasi ya mwendokasi mtu mzima mmoja atangulie kuingia na mwingine aingie nyuma ya wote, kwa kuwa mlango ukifungwa haumngojei mtoto. Tano, wadogo wapewe mambo machache na mapumziko mengi, na vijana wapewe kazi, saa ya kurudi, na mahali pa kukutania. Sita, hesabuni watu kabla ya kuondoka mahali, si baada ya kufika.

Nanyi wanafunzi, msidhani ya kwamba daftari ni kitu cha mtihani tu.

Baba wa mtoto yule nilimweleza habari yote siku ile ile tuliyorudi, naye ndiye aliyenihimiza niiandike. Mtoto mwenyewe sasa anaijua namba ya simu ya baba yake, na huitaja kwa kila mgeni afikaye nyumbani, hata asipoulizwa.